Mkuyu Uliouuza

Kwako Baba Mumo,

Sisi hatujambo. Mbaazi zimetoa maua, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Jumanne alikuja kijana na msumeno wa petroli, akasema umemuuzia mkuyu wa mtoni achome makaa. Nilikuwa nachota maji kisimani, palepale mizizini. Nikauegemea mti.

"Mama, toka hapo. Mwenye mti ameshauza."

"Mwenye mti yuko Mombasa, anafungua mfereji tu, maji yanatoka. Huu ukikatwa kisima kikauke, sisi tutakunywa mchanga? Washa basi, uanze na mimi!"

Syombua na wenzake wakaacha mitungi yao, wakaja kusimama nami. Mama yako naye akafika na mkongojo. "Nikate mimi kwanza," akamwambia, "nimeshakauka, nitawaka vizuri." Kijana akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Akaondoka.

Hukuniambia, Munyao. Hilo ndilo lililoniuma, wala si msumeno.

Mrudishie yule kijana pesa zake. Kama huwezi, njoo uukate wewe, kwa shoka, mchana, mama yako akikutazama.

Ni mimi, ambaye bado ni mkeo,
Nduku