Bi Mwanapili na Tonge la Kwanza

Mwaka umetimia, Mama, tangu mkono wako utoke katika sinia la Kheir.

Kwa wasiokujua: ulikuwa mshona kofia, barazani kwako Kiponda, na kwa miaka kumi na tisa ulimuuguza mwanao Kheir, tangu madaktari waseme ana skizofrenia. Kila mwezi ulimpeleka sindano kwa miguu, umemshika mkono, mtu mzima na ndevu zake. Wapita njia wakikodoa macho uliwaambia, "Mnataka kutazama? Nendeni Forodhani mkatazame mawimbi." Ulimi wako ulikuwa mkali, nasi leo tunauhitaji.

Sauti zilimwambia Kheir chakula kina sumu. Hukubishana nazo. Ulikaa naye mkekani, ukapiga bismillahi, ukatia tonge la kwanza kinywani mwako, kisha naye akala. Ndivyo ilivyokuwa kila mlo, hata ulipokuwa na homa.

Ulipozikwa tu, kaka yako Msabah alimtengea Kheir sahani yake na kikombe chake, ati watoto wanamwogopa. Ikawekwa mlangoni kama ya paka. Siku tatu Kheir hakuigusa. Bashira, mke wa Msabah, akasema ni kiburi. Msabah akasema ni jini, apelekwe shamba kwa mganga akafungwe kamba.

Na sahani ile ya kwanza aliipeleka Riyama, binti yako mwenyewe. Analikiri hapa mbele za watu, kwa sababu lamuuma bado.

Siku ya tatu ndipo alipomuuliza, "Kaka Kheir, mbona huli?"

"Mama hajaonja."

Riyama alilia kwa hasira, akaosha mikono, akaleta sinia, akaonja. Kheir alikula mpaka akaliramba. Tangu hapo Riyama na mumewe Mmanga wamehama Jambiani, wanakaa naye Kiponda.

Ijumaa iliyopita ilikuwa khitma yako. Msabah alitaka Kheir afungiwe chumba cha uani, wageni wasimwone.

"Siku moja tu, mwanangu. Tutaaibika."

"Aibu mshaipata, mjomba," Riyama akamjibu. "Kaa hapa ule naye."

Msabah akakumbuka kuwa gari linamngoja. Bashira akamfuata, lakini biriani yake hakuisahau.

Jana wakatuma karatasi: majina ishirini na mawili ya jamaa wanaotaka kuandikwa katika tangazo hili la kumbukumbu yako. La kwanza ni la Msabah. Mwaka mzima hakuna hata mmoja wao aliyeuliza Kheir amekula nini.

Kwa hiyo, Mama, wanaokukumbuka ni Kheir, Riyama na Mmanga. Mungu akurehemu. Hatutakusahau maisha yetu yote.

Karatasi ya majina ipo, Riyama ameiweka chini ya sinia. Mwenye kulitaka jina lake aje adhuhuri yoyote, anawe mikono, akae mkekani, aonje yeye kwanza.