Mashine ya Naigaga ilirudi nyuma

Ijumaa, Nakaloke. Asubuhi manyunyu, mchana jua, sasa mawingu tena. Moyo wangu nao hivyo hivyo, ila huku jua halikukaa.

Mimi kuandika sijui. Naongea na simu, simu inaandika. Naigaga, mke wangu, ndiye alinifungulia huu ukurasa. Alisema masikio yake yamejaa, niende nidanganye watu wa mbali ambao hawawezi kunitupia kijiko.

Sasa hayuko. Kesho tunamaliza matanga yake.

Nyinyi mnaosoma hapa mnanijua. Jeshini fundi alikuwa mimi. Lori la afande lilikaa ndani ya mto mpaka samaki wakazaa kwa injini, na mimi nikaliwasha, samaki wakatoka kwa ekzosi wamekaangwa. Naigaga alikuwa anasema kila mwaka hao samaki wanaongezeka.

Lakini mashine ya kusaga mahindi ilikuwa yake. Alitoka kwao Mpumudde, kule Jinja, akaja kuolewa hapa kwetu, na hiyo mashine aliinunua kwa jasho yake mwenyewe. Mota yake ni ya fezi tatu, inataka waya tatu za stima kutoka kwa transfoma. Kila mara vijana wa stima wakipanda nguzo kutengeneza, walikuwa wanachanganya hizo waya, na mota inazunguka kinyume. Mimi nimesimama pale pale kando ya mashine, sisikii tofauti. Naigaga yuko nje anachambua maharagwe, hata kichwa hainui. Anaita tu, "Mzee, inarudi nyuma."

Na mimi najibu nilikuwa karibu kusema.

Halafu transfoma ikaungua. Wakaibeba, eti wanaipeleka kutengenezwa, mpaka leo haijarudi. Naigaga akanunua sola, betri na inveta, tukapata taa, tukachaji simu za watu. Mimi nikaapa mbele ya majirani kwamba nitazungusha mashine kwa hizo betri. Yeye akacheka mpaka akashika ukuta. "Hiyo nitaisikia nikiwa mbinguni," akasema.

Hatukujua kama amebakiza siku kidogo.

Hospitalini, pale Mbale, sauti yake imekuwa kama karatasi, aliniomba kitu moja. Siku ya kumaliza matanga, watu wakule posho, yaani ugali, ya unga uliosagwa na mashine yake. Nisinunue ya duka. "Na usiwape hadithi ndefu," akasema, "watu watakuwa na njaa."

Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo. Nilisema vile ninavyosema kila kitu.

Jumatatu nikafunga mota moja kwa moja kwa inveta. Ikanguruma kama ng'ombe amekwama kwa matope, haikuzunguka, na inveta ikalia, ikazima. Nikajaribu tena, ikazima mpaka na taa za nyumba. Balikowa, kaka yake Naigaga, alikuwa amefika kutoka Jinja kwa ajili ya matanga. Akauliza kama hao samaki wangu wamehamia kwa mota. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini nilienda kusimama kidogo nyuma ya choo.

Nikazunguka maduka yote ya mtaa wa Industrial pale Mbale. Kila mtu ananiambia nunua inveta ya fezi tatu, na ile ni kitu cha tajiri. Jumatano nikaenda Jinja kwa Otieno, Mkenya anayesuka upya waya za ndani ya mota zilizoungua. Nilimkuta na miwani yake imefungwa kwa waya. Nilianza kumwambia habari ya lori, akaniambia hiyo ameshaisikia, niseme shida. Nikasema. Hakunitania tena. Akatoa kisanduku fulani, wao wanaita draivu. Hicho kinachukua stima ya kawaida ya inveta, kinatoa fezi tatu, na kinaongeza mwendo pole pole. Akanionyesha vipande vya shaba vya kuhamisha ndani ya mota, ikubali ile stima ndogo.

"Mzee, ukiivuta kwa nguvu, itameza betri zote," Otieno akasema. "Iamshe kama unaamsha mtu mgonjwa."

Mimi najua kuamsha mtu mgonjwa. Hiyo kazi nimeifanya.

Leo mchana, jua limetoka, betri zimejaa, nikafunga kila kitu. Mahindi sikuweka kwanza. Balikowa amesimama mlangoni, mikono kifuani, dada zake nyuma yake. Nikageuza kile kifundo cha draivu kidogo kidogo. Mota ikapumua. Mkanda ukaanza kutembea, ukakimbia, na mashine ikalia kwa mara ya kwanza tangu transfoma iende. Wale dada wakapiga vigelegele, mmoja akalia. Balikowa akavua kofia. "Shemeji, leo nakusalimia," akasema.

Nikamwaga mahindi. Unga ukatoka kidogo, kama mtu anayekojoa kwa shida. Feni ya ndani haivuti unga. Mahindi yanajaa ndani, mashine inaanza kuchoka.

Nikajua. Yaani mwili wangu ulijua. Lakini sikuizima. Nilisimama pale nimeelekeza sikio nje, kwa ile nafasi ambayo alikuwa anachambua maharagwe. Nilikuwa nangoja.

Hakuna mtu aliita.

Balikowa akanishika bega, akauliza kuna nini. Nikamjibu, "Inarudi nyuma." Lile neno halijawahi kutoka kwa mdomo wangu kabla ya leo. Lilikuwa la Naigaga. Balikowa hakujua maana yake, akadhani nazungumza habari ya maisha, akaanza kunifariji.

Nikazima. Nikangoja stima iliyobaki ndani ya kisanduku iishe, nikabadilisha waya mbili zinazoingia kwa mota, moja ikae mahali pa nyingine. Ni hiyo tu. Nikaamsha tena pole pole. Unga ukamwagika mweupe, ukajaa gunia mpaka mawingu yalipofunika jua nikasimamisha. Unatosha. Hakuna mtu atakula unga wa duka kesho.

Sasa nimekaa kwa kiti chake na unga bado uko kwa nyusi zangu. Nafikiria kitu moja. Alisema ataisikia akiwa mbinguni. Kama kweli ameisikia, basi ameisikia ikirudi nyuma, na ameita, na huku chini mimi sikusikia, kama kawaida yangu.

Kesho, watu wakishashiba, nitawaambia mashine niliiwasha mara moja tu, ikaenda sawa, hata mkono wangu mwingine ulikuwa kwa mfuko.

Nani atanibishia?