Harufu ya Hospitali Chunguni

Jumatatu, 5 Mei

Nimekaanga unga tena. Macho yanawasha kwa moshi. Ndiyo kazi yangu tangu nimalize shule: Dani, bibi yangu mzaa baba, anachachusha unga wa mahindi, mimi naukaanga kwenye bati mpaka uwe kahawia, kisha tunauchanganya na kimea cha wimbi na maji. Siku chache, inakuwa busaa, pombe ya wazee. Sinywi. Nanusa tu. Dani husema pua yangu bado mpya, yake imekwisha na moshi.

Busaa ya juzi tumeimwaga. Haikuwa chachu mno. Chachu tunaijua, ni chungu kilichooshwa vibaya. Hii ilinuka hospitali. Bendeji. Mzee Odongo, jirani yetu, alivuta mrija mara moja akauachia, akamwita Dani binti wa Nyakach kama kawaida yake:

“Nyar Nyakach, hii ni pombe ama umenidunga sindano?”

Wazee walicheka. Dani alicheka nao. Niliona mikono yake, haikujua pa kukaa.

Alhamisi, 8 Mei

Hata chungu cha pili. Bendeji tena.

Jumamosi ya wiki ijayo ni kumbukumbu ya Kwaro, babu yangu. Watu watatoka Maseno mpaka Nyakach. Dani amempikia Kwaro busaa kila mwaka tangu azikwe. Leo amesema chungu cha kumbukumbu kikiharibika, vyungu vyote vinaenda kwa dada yake, kule Pap Onditi. “Mkono umezeeka, nyakwara, mjukuu wangu.” Alisema kama mtu anayesema mvua imenyesha. Afadhali angelia.

Sitaki vyungu viende. Bila vyungu, Dani atakaa mlangoni tu.

Ijumaa, 9 Mei

Niliamua ni uchafu. Nikawaza nitasafisha na nini. Sabuni inaacha ladha. Majivu yanakwaruza. Nikachukua dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile ya klorini. Nikafungua chupa juu ya chungu.

Nikanusa. Nikaifunga. Nikaketi chini.

Si harufu ile hasa. Ni ndugu yake.

Lakini hakuna anayetia dawa hiyo chunguni. Nimewaza mchana kutwa. Halafu nikakumbuka tangi. Tangu mafuriko yafike mlangoni na kisima kujaa matope, tunatumia maji ya tangi, na Mama anayatia dawa ya maji. Mama ni mhudumu wa afya wa kijiji. Hakuna anayekunywa tone hapa kabla hajatia. Klorini ni klorini.

Na busaa ya Dani haichemshwi baada ya kuchanganywa. Maji yanaingia baridi.

Jumapili, 11 Mei

Nilikoroga kimea kwenye vikombe viwili. Kimoja maji ya tangi. Kingine maji ya tangi niliyoyachemsha sana na kuyapoza wazi. Leo baada ya kanisa nimenusa. Cha pili kinanuka wimbi. Cha kwanza, wodi.

Sijamwambia mtu. Naogopa. Mama hapendi pombe, Dani anajua. Ataona Mama alifanya makusudi. Tunakaa boma moja, sisi watatu, Baba yuko Nakuru kikazi. Wakikosana, mimi ndiye nitakayebeba sahani kutoka nyumba hii hadi ile.

Mimi ni mwoga. Shuleni sikuinua mkono hata nilipojua jibu.

Jumatatu, 12 Mei

Nimesema. Wakati wa chakula, macho kwenye ugali. Nikawapa vikombe wanuse.

Dani alinusa mara mbili. Kisha akamgeukia Mama: “Kumbe umekuwa ukinitilia dawa.”

Mama akajibu, “Nimewatilia nyinyi wote. Watu walihara hapa mpaka wakabebwa juu ya mlango kama machela. Mimi siondoi dawa kwa maji ya hii boma.”

Nilitaka ardhi inimeze. Nikasema dawa isiondolewe. Ya kunywa ibaki. Ya busaa tuchemshe, vijidudu vife na klorini itoke. Chungu tukioshe kwa maji yanayochemka, kikauke juani. Nilisema mpaka nikamaliza.

Mama akasema atayaona yakichemka kwa macho yake. Dani akaendelea kula.

Hakusema tena mkono wake umezeeka. Wala hakusema haujazeeka.

Jumatano, 14 Mei

Tumechanganya. Mama alisimama juu ya sufuria kama askari. Dani alikoroga polepole, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika.

Nikikosea, nimewagombanisha bure na vyungu vitaondoka.

Jumamosi, 17 Mei

Watu wengi. Asubuhi nilinusa chungu: wimbi, moshi, uchachu kidogo. Hata hivyo nilijificha jikoni mirija ilipoingia.

Mzee Odongo alivuta, nikimchungulia mlangoni. Akavuta tena. Nikasubiri mzaha. Hakuna. Mzee mmoja alimwambia asogee, akakataa bila kutoa mrija mdomoni. Hatimaye akaita, “Nyar Nyakach, leta maji ya moto, hii imeshuka.” Ndivyo wanavyofanya chungu kikiwa kitamu, kinaongezwa maji ya moto wasiondoke.

Dani alipeleka mwenyewe. Hakuniruhusu nibebe.

Jumapili, 18 Mei

Nimeamka, chungu kimeshaoshwa. Kimepinduliwa juani juu ya mawe mawili, bado kinatoa mvuke. Nilidhani ni Dani. Dani bado amelala, nilimsikia akikoroma.

Mama alikuwa ameshavaa nguo za kanisa. Mikono ilikuwa myekundu kwa maji ya moto. Alikuwa akiipaka mafuta.

Nikampikia chai.