Kitaa Kinachokonyeza

4 Machi

Mwanangu Fundi Bisibisi,

Pokea salamu za mzee uliyemwacha na meno saba; sasa usiulize. Afya ipo, inajikongoja. Wewe huko ugenini unakula, au unalamba nyaya tu?

Neno ni hili. Ile amplifaya ya gitaa, kongwe kuliko wewe, imeugua. Ule mtetemo uliokuwa ukipandisha sauti na kuishusha sasa unatikisika kidogo tu, kama kiuno cha bibi harusi mwenye haya. Nimezungusha kidude chake mpaka mwisho, wapi! Najua una kazi. Lakini siku hizi barua yako naiona kitu kikiharibika tu. Basi hiki hapa kimeharibika.

Baba

19 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, zamu ndizo zinanimaliza. Samahani kwa kimya. Chomoa ampli ukutani, iache ipoe, kisha badilisha ile taa ndogo ya kioo iliyo pembeni. Ya akiba nilikuachia kwenye droo. Usiguse kingine humo: umeme hubaki ndani hata ukichomoa, na hauheshimu mvi.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Nimebadilisha. Taa mpya inawaka kwa kiburi, mtetemo ni uleule. Jirani mshona viatu alikuja kusikiliza, akasema gitaa langu linaongea huku linatafuna. Nikamfukuza. Nikajuta, maana hakuja mwingine mpaka Jumapili.

Utafute ugonjwa, ila usifanye haraka sana.

Baba

20 Aprili

Baba, shikamoo. Goti linasemaje?

Nimeliwaza jambo lako kazini. Ampli ya aina hiyo ina kimrija kilichovikwa gamba jeusi. Ndani mna kitaa kinachowaka na kuzima, na mbele yake kijicho kinachoona mwanga. Kitaa kikiwaka, kijicho kinashusha sauti, kikizima, inapanda. Mwanga wa chumbani ukiingia humo, kijicho hakioni tofauti, mtetemo unalegea. Sasa nijibu kweli, Baba: lile gamba umelibandua?

Mwanao

1 Mei

Mwanangu mpelelezi,

Marahaba. Goti linalia kama mlango.

Ndiyo, nimelibandua. Nilikuwa nafuta vumbi huko nyuma, nikaona mwanga unachungulia kwenye ufa, nikalikata kwa wembe. Tangu mama yako atutoke, humu ndani hakuna kinachocheza isipokuwa mimi, nami nacheza kwa shida. Alikuwa akipita huku na huku akigombana na sufuria. Sasa hata nzi wamehama. Kitaa kile kikaanza kunikonyeza. Mzee wa umri wangu kukonyezwa si jambo dogo! Nikawa nawasha ampli bila gitaa, nakaa nakitazama. Sikujua kwamba ndiyo naiua.

Nikifunike? Sema wewe.

Baba

7 Juni

Baba, shikamoo.

Nimechelewa kwa sababu sikujua niandike nini. Chomoa, iache ilale mpaka kesho yake, kisha kizungushie utepe mweusi wa umeme, mwanga usipenye. Mtetemo utarudi.

Pole, Baba.

Mwanao

22 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimekifunika. Mtetemo umerudi mnene, mpaka vikombe vinaitikia. Mshona viatu amekuja kuomba radhi kwa niaba ya masikio yake. Fundi wewe, hukusomea bure.

Nisikufiche. Juzi niliushika tena wembe. Nilijiambia, nikikata kidogo tu, huyu binti yangu ataandika. Kisha nikakufikiria umetoka zamu umechoka, unakuna kichwa kutafuta ugonjwa niliouzaa mwenyewe. Nikautupa wembe jalalani, na ndevu zangu sasa zinaota zinavyotaka. Kwa hiyo uwe na amani, huna cha kutengeneza huku. Ukiandika, andika tu.

Baba

30 Agosti

Mwanangu,

Habari za huko? Barua yako labda imepotea njiani, hizi posta nazo.

Leo nimepiga gitaa kutwa. Nilipomaliza nikageuka kukuuliza umesikiaje.

Huku hakuna kilichoharibika.

Baba