Udi Haumo Kwenye Orodha

Mji wa Kale, Jumanne, 1966

Piano, tena piano! Leo nilipeleka ofisi ya elimu fomu ya kuomba digrii ya ualimu wa muziki. Karani aliisoma mpaka pale panapouliza nitafanya mtihani kwa chombo gani, akanitazama.

"Udi haumo kwenye orodha, Bi Salma. Andika piano au fidla."

"Sijui kupiga hivyo."

"Basi ngoja mwakani, ujifunze."

Mwakani! Miaka sita nawafundisha wasichana wa Majengo kuimba. Mmoja wao, Rukia, ana kigugumizi. Hasomi sentensi bila kukwama, lakini nikimpigia udi anaimba ubeti mzima. Nilimweleza karani hayo. Akasema fomu haiulizi habari za Rukia.

Nikachukua kalamu, nikaandika UDI kwa herufi kubwa, nikamwambia agonge muhuri. Aligonga, amenuna.

Naogopa, sitajidanganya. Huenda watahini wakanikataa kabla hata ya kunisikia. Nilipomweleza Baba nyumbani, aliuliza, "Sasa utauza udi ununue piano?"

"Siuzi, Baba. Wakiniita, nitakwenda na udi wangu. Wasiponiita, nitakwenda nao vilevile, wanikatae nikiwa nimeupakata."