Ulipoandika "Kulia", Mjomba

Nyumba ya nyuma ya gereji,
S.L.P. 318.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama na macho yako yanazidi kupata nafuu. Mkaza mjomba alituandikia mwezi wa pili kwamba umeondolewa bandeji ila mwanga mkali bado unakuumiza, kwa hiyo nimetumia herufi kubwa na wino mweusi, na nimeruka mstari mmoja kila baada ya mstari. Ikiwa bado huruhusiwi kusoma, namwomba mkaza mjomba akusomee, tena asiruke kitu, hata pale nitakapojisema vibaya.

Sisi huku hatujambo. Mama kifua chake kimetulia tangu alipohamishwa kutoka chumba cha pamba pale kiwandani. Bibi, mama yako, ni mzima na bado anabishana na redio. Mimi nimeingia kidato cha pili. Muhula uliopita nilikuwa wa nne darasani, ila hisabati ilinivuta chini kidogo.

Sasa nikueleze habari za gari lako la mashindano. Ulipoondoka kwenda kutibiwa macho ulimwambia Baba alifunike turubai, na kwamba hukutaka kuulizwa habari zake tena. Baba alilifunika miaka miwili. Mwaka huu Mama Mdogo alilifunua. Naomba usimkasirikie. Alisema yeye ndiye aliyekaa kando yako miaka minne akikusomea kona, na hawezi kuendelea kupita pale kila siku kama anapita kaburini. Milango tuliikuta imeliwa na kutu, ukiigusa inadondosha chenga, ndiyo maana siku hizi gari linaitwa Biskuti.

Klabu ya mbio za magari imeanzisha kombe jipya. Utakumbuka kwamba zamani wenye nafasi walikuja na gari la vumbi, gari la koni na gari la mlima. Sasa kila dereva anashindana na gari lilelile moja katika mashindano yote matatu, na asiyeyamaliza yote matatu hahesabiwi kabisa. Mama Mdogo alisema kombe hili limetungwa kwa ajili yetu, maana gari la pili hatuna hata la kuchora.

Mjomba, sikujua kwamba gari moja linaweza kutakiwa kuwa watu watatu. Vumbi linataka liinuliwe lisikwaruze tumbo, na springi ziwe laini. Koni zinataka lishushwe, livalishwe matairi ya lami, ligeuke upesi kama mtu aliyeitwa jina kutoka nyuma. Mlima unataka kitu cha katikati na breki zisizochoka. Kila anachokifunga Baba kwa ajili ya shindano moja, anakifungua kwa ajili ya jingine. Ili kupunguza uzito aling'oa kiti cha nyuma akakiweka sebuleni. Bibi amekikalia tangu siku hiyo, na amesema atakayekigusa atamkuta.

Kazi yangu ni daftari. Baba akiwa chini ya gari huniita Karani, nami humsomea vipimo kutoka daftari lako lile la jalada jekundu, kisha naandika kwenye langu alichofanya.

Shindano la kwanza, la vumbi, lilikwenda vizuri. Vipimo vyako vya vumbi ni sawa pande zote mbili, kwa hiyo hapakuwa na la kukosea. Mama Mdogo alimaliza wa tano kati ya magari kumi na tisa, ingawa alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye zamu ya hospitali.

La pili lilikuwa la koni, la kupita katikati ya koni za plastiki bila kuziangusha, kwenye maegesho ya ghala la nafaka. Kwa shindano hilo uliandika springi ya mbele kulia ipandishwe mizunguko mitatu, ya kushoto mmoja. Baba alikuwa amelala chini ya gari, mimi nimesimama mbele, boneti likiwa wazi. Akauliza, "Kulia ipi hiyo, Karani?" Nikamjibu, "Huku niliko, Baba," nikagonga bodi kwa spana ili asikie. Akafunga hapo.

Siku ya shindano Biskuti liligeuka vizuri upande mmoja, na upande wa pili likakataa kama mbuzi anayevutwa kamba. Mama Mdogo aliangusha koni kumi na moja. Mpima muda wa klabu, yule anayeitwa Sekunde, aliziokota moja moja huku akimuuliza, "Dada, hizi zimekukosea nini?" Watu walicheka, naye alicheka. Lakini tulipofika nyumbani alivua kofia ngumu, akamwambia Baba, "Shemeji, mimi si dereva. Mimi nilikuwa nasoma kona tu. Aliyekuwa anazikata ni kaka." Akasema mlimani hapandi.

Siku tisa hakutia mguu gereji. Nilimkuta hospitalini nilipompeleka Bibi kupimwa presha. Aliniuliza habari za shule vizuri sana, na nilipotaka kutaja gari akanituma nikalete kiti. Nilimhurumia, Mjomba, ingawa nami niliamini kwamba amekosea.

Jumatano iliyofuata alilazimika kuliendesha Biskuti kumpeleka Mama kazini, maana Mama alikuwa anachelewa zamu ya mchana na hapakuwa na gari jingine. Aliporudi alimwita Baba. Nakuandikia walivyosema, kwa sababu hapo ndipo nilipoliona kosa langu.

"Shemeji, gari linalia."

"Linalia wapi?"

"Kulia."

"Kulia nimesikia. Nauliza wapi."

"Kulia, Shemeji. Mkono wa kulia."

Baba akacheka, akafungua boneti, akainama, akatikisa hiki na kile, akasema hapa hapalii kitu. Mama Mdogo akamwambia kuwa yuko kushoto. Baba akainua mkono wake wenye grisi. "Miaka ishirini na sita ya ufundi, unifundishe leo mkono ninaolia chakula?"

"Basi ingia humu ndani ukae," alisema Mama Mdogo, "tuone utalia na upi."

Wote wawili walikuwa sahihi. Mmoja alikuwa amesimama mbele ya gari akilitazama, mwingine ameketi ndani. Nikaenda kuleta daftari, nikalifungua mbele yao, nikawaambia kwamba zile koni kumi na moja ni zangu. Wewe uliandika kama dereva, mimi nikasoma kama mtu aliyesimama njiani.

Nilitegemea kugombezwa. Baba alichukua spana, akabadilisha pande. Alasiri ileile tulikwenda kwenye maegesho ya ghala tukiwa na ndoo nane badala ya koni. Mama Mdogo alizipita mara kumi na hakugusa hata moja. Aliposhuka alinishika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Karani, umenirudishia mikono yangu." Kisha alikwenda nyuma ya gari akakaa peke yake kwa muda, nasi tukajifanya tunahesabu ndoo.

Tangu siku hiyo neno kulia limepigwa marufuku gereji. Tunasema upande wa dereva na upande wa abiria. Hata Bibi akitaka mto, anaagiza uwekwe upande wa abiria.

Mjomba, sasa nimefika kwenye jambo lenyewe. Shindano la mwisho ni la mlima, Jumamosi ya tarehe 13 Julai. Ukurasa wako wa mlima haufanani na zile nyingine. Umechora mstatili na magurudumu manne, kila gurudumu na kipimo chake, ukaandika "kulia" ubavuni, lakini hukuonyesha kama pua ya gari iko juu ya karatasi au chini. Tumeugeuza mchoro huku na huku mpaka karatasi imelegea. Baba anasema mlimani hakisii, kwa sababu njia ile ina ukuta upande mmoja na korongo upande wa pili, na klabu inaruhusu kupanda kwa majaribio mara moja tu, siku ya shindano. Mama Mdogo amesema atapanda ikiwa neno litatoka kwako. Lisipotoka, hapandi, na mwaka wetu wote hautahesabiwa.

Najua hukutaka kuulizwa. Mama alinishauri nikuache upone, nami nilimtii siku nne. Lakini nimefikiri hivi: hatukuombi uendeshe, wala utazame barabara, wala uone kitu chochote. Tunachokitafuta kimo kichwani mwako na hakihitaji macho. Ukiyafumba ukaikumbuka siku uliyochora, utajua ulikuwa umeketi ndani au umesimama mbele. Hakuna mtu mwingine anayejua. Baba hajui, klabu hawajui, na mimi nimeshachoka kubahatisha.

Nimeuchora mstatili wako upya kwenye karatasi nyingine, kwa mistari minene, ili uweze kuifuata kwa kidole. Weka msalaba kwenye pua ya gari, uirudishe katika bahasha niliyoitia humu. Barua huchukua takriban siku kumi na mbili kufika, kwa hiyo ukiijibu ndani ya wiki moja itatuwahi. Ukiona huwezi, tutaelewa, na hakuna atakayekuuliza tena. Nimemwahidi Mama hivyo.

Nisalimie mkaza mjomba na wale pacha wawili, waambie bado nina deni la kuwafundisha kuruka kamba. Baba na Mama wanakusalimu. Bibi anasema ule vizuri na usijifanye huna njaa. Mama Mdogo alikaa muda mrefu akifikiria salamu za kukutumia, akaishia kusema nikuambie anakumbuka kila kona.

Mungu akulinde, akurudishie nuru yako kidogo kidogo, na akupe usingizi mwema. Msalaba mmoja unatutosha, Mjomba. Ila ukipata nguvu ya kuandika na maneno, yawe ya gari au ya jambo lingine lolote, tutayasoma yote.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,

Karani