Watu Watano Wenye Fimbo

Jumatatu, 4 Oktoba 1954

Itangazwe kwa wote wanaohusika, yaani mimi Khaemba peke yangu, kwamba leo saa nne kasoro robo asubuhi mkasi wangu umenolewa, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Unakata hata hewa. Hakuna cha kukata.

Isipokuwa koti moja la memsahib wa Njoro, bibi wa kizungu, la kupunguzwa kiuno. Desturi ya baraza letu la mafundi: kabla ya kufumua, kagua mifuko mbele ya wenzako, usije ukaitwa mwizi. Nikatoa kitambaa, kibiriti, na karata. Si karata za kuchezea. Hii ina picha: vijana watano wamesimama, kila mmoja na fimbo ndefu, wanapigana. Juu iko V tu. Kipketer akasema hiyo ni alama ya kola.

Mafundi watano tukaacha cherehani kuitazama. Tukakagua mavazi, hatujui kukagua kitu kingine. Obura, mzee wetu, akasema kitambaa ni kizuri lakini fundi alikuwa mlevi. Makokha akataka kujua nani anaenda vitani na soksi za rangi. Thuo akaisogeza karibu na jicho, kisha akasema: "Hawa hawapigani. Angalieni. Hakuna mshono hata mmoja uliofumuka."

Kweli kabisa! Fimbo tano juu, na hakuna aliyeguswa. Thuo ana jicho. Ndiye aliyenifundisha kola.

Jumanne, 5 Oktoba

Memsahib alikuja kujaribu koti. Nikampa karata yake. Akacheka, akamweleza Bwana Vithal, mwenye duka, kwamba yeye husomea watu bahati hotelini kwa karata kama hizi. Hii, akasema, maana yake ni ugomvi, mashindano. Watu wakishindana, mwenye nguvu hujulikana, na nyumba hupona. Kisha akairudisha mfukoni mwa koti, akaliacha koti tubadilishe na vifungo.

Bwana Vithal alibaki ameshika kaunta kama mtu aliyeletewa barua kutoka mbinguni. Biashara imelala. Wateja wetu walikuwa akina mama wa Kikuyu wa mtaa wa Bondeni, na hao, tangu Hali ya Hatari itangazwe, wamepandishwa malori na kurudishwa Kiambu na Fort Hall. Wanaobaki hawashoni marinda.

Saa kumi akatoka barazani. "Fundi tano mingi. Kazi iko ya nne. Moja nakwenda. Mimi hapana chagua, nyinyi nachagua. Jumamosi saa sita, mimi nataka jina."

Akaingia ndani. Amejipatia mashindano yake, na mikono yake safi.

Jumatano, 6 Oktoba

Ugomvi tangu asubuhi. Obura amemwambia Kipketer kwamba suruali zake zinakaa kama magunia. Kipketer akamjibu kwamba macho ya Obura yamekwisha, anatunga uzi kwa kubahatisha. Uzi mweupe umepotea, kila mtu mwizi.

Mchana Makokha akanivuta nyuma ya duka. Makokha ni wa kwetu, tumetoka mlima mmoja. Akasema polepole: kwa nini tusumbuane? Jina liko. Thuo. Yeye ni Mkikuyu, hata serikali haitashangaa.

Wote tunajua maana yake. Sisi wanne tukifukuzwa tutatafuta baraza lingine. Thuo akikosa sahihi ya tajiri kwenye pasibuku yake, kile kitabu cha ruhusa cha Wakikuyu, ni lori. Yeye, mkewe Wariara, na mtoto ambaye hajaota meno. Kule wanakopelekwa hata shamba hana, alizaliwa hapa jirani, kijiji cha Bahati, kwenye shamba la mzungu.

Nilimwambia Makokha nitafikiri. Na nilifikiri! Naandika hapa kwa kuwa hakuna msomaji: nilihesabu vichwa, nikaona changu kimesalimika, nikapumua. Kisha nikarudi, nikakuta Thuo amenitungia uzi kwenye mashine yangu. Sikuweza kushona.

Alhamisi, 7 Oktoba

Nimetumwa nyumba ya nyuma kumpima Ba, mama yake Bwana Vithal, blauzi. Yeye hukaa kwenye bembea sebuleni, anatafuna karafuu na kuamuru dunia. Nilibeba karata. Ndiyo, niliichomoa kwenye koti. Nitairudisha.

Nikamwambia memsahib anasema ni mashindano, mwenye nguvu anabaki. Akaitazama, akapiga goti kwa kiganja.

"Nani nasema hii nagombana? Mzungu naona fimbo tu! Hii tano iko ndugu. Hii Pandava!"

Akanipa hadithi nzima, na mimi nimesimama na tepu shingoni. Ndugu watano walinyang'anywa ufalme, wakaishi msituni. Siku moja kiu ikawashika. Wanne wakaenda ziwani, mmoja mmoja. Sauti ikawaambia: jibu maswali yangu kwanza, ndipo unywe. Wakanywa bila kujibu, wakaanguka, wamekufa. Akaja mkubwa wao, Yudhishtir. Yeye akajibu yote. Sauti ikamwambia: chagua mmoja, nitamfufua. Pale walilala wawili aliozaliwa nao tumbo moja, mashujaa wa kutisha. Akawaruka! Akachagua mmoja wa mapacha, mtoto wa mama yao mdogo. Kwa nini? Akasema: mama yangu amebakiwa na mimi, niko hai. Na yule mama mwingine abaki mikono mitupu?

Sauti ikafurahi, ikamfufulia wote.

Nikamuuliza Ba kama mwanawe anaijua hadithi hii. "Vithal? Mimi nasema kwake kila siku, yeye toto. Iko nalala katikati. Mwisho hapana sikia hata siku moja."

Blauzi sikupima.

Ijumaa, 8 Oktoba

Nimewasimulia wenzangu, Thuo akiwa ameenda kununua chai. Makokha akasema kama ndugu hao walikunywa maji ya magadi ya ziwa la hapa Nakuru, hashangai walikufa. Kila mtu akacheka, hata yeye.

Obura akauliza: "Kwa hiyo unataka tuseme nini kesho?"

Nikasema tusijibu swali la nani aende. Limeundwa tuumane. Tujibu la nani abaki.

Kipketer akakubali. Obura akakubali. Makokha akaniita msaliti wa nyumbani, mwenye ulimi mrefu kuliko tepu yangu. Sijui atasema nini.

Jumamosi, 9 Oktoba

Saa sita kamili. Bwana Vithal akatoka, saa mkononi. "Haya. Jina?"

Nikasimama. "Bwana, swali lako limetushinda. Tumejibu lingine. Kama ungetaka fundi mmoja tu abaki hapa, awe nani."

"Mimi hapana uliza hiyo!"

"Thuo," nikasema.

"Thuo," Kipketer.

"Thuo," Obura, bila kuacha kutunga uzi.

Makokha akakohoa. Akaangalia barabara. Akafunga kitufe cha shati lake, akakifungua. "Thuo," akasema, "lakini si kwa sababu ya Khaemba."

Bwana Vithal akawa mwekundu. Akasema anaweza kutufukuza wote watano kabla ya chakula. Nikamwambia afanye hivyo, na memsahib atavaa koti lisilo na vifungo. Sijui maneno hayo yalitoka wapi! Nyuma ya pazia Ba akaanza kusema Kigujarati, kirefu, bila kupumzika. Sijui lugha hiyo, lakini sauti ya mama naijua. Alikuwa akimaliza hadithi.

Tajiri akanyoosha mkono. Thuo akampa pasibuku. Akatia sahihi, ya kutosha mpaka mwisho wa mwezi. "Basi! Tano nabaki!" Akaubamiza mlango.

Thuo hakushukuru. Aliketi, akafuta mashine. "Mimi nilikuwa na jina lako tayari, Khaemba," akasema. "Kola zako zimenichosha." Kisha akanitungia uzi.

Tulitembea mpaka Bondeni watano kwa safu moja, tukachukua barabara nzima. Askari wa kizuizi cha barabarani akatuuliza tunasherehekea nini. Obura akamwambia: ushonaji.

Jumatatu, 11 Oktoba

Tulifika mapema, wote. Cherehani tano zimetiwa mafuta. Makokha ameleta mandazi. Bwana Vithal ametuamkia bila kututazama, ametupa kazi ya leo juu ya meza, amerudi ndani.

Ni suruali moja, ya kufupishwa.